Chupa ya Maji

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha, tukapewa alama zetu na kwenda zetu. Mimi niliiandika mara nyingi kuliko wengi wenu, na bado nikaja kuficha maradhi yangu hapa hapa shuleni, mbele ya macho yenu. Ndugu msomaji, keti nikusimulie. Hii si hadithi ya kubuni, na wala sitaki unililie. Ni habari ya chupa ya maji ya lita mbili.

Nilijiunga na shule hii Februari 2023. Kwetu ni Busia, mahali pa joto, ambako sweta ni nguo ya safari tu. Hapa, nyote mwajua, tuko juu karibu na milima ya Aberdare, na ukifua soksi Jumamosi utazivaa mbichi Jumatatu. Siku ya kwanza mama alifungua sanduku langu la bati mbele ya matroni akamwonyesha kimoja kimoja: hizi tembe, hii sweta ya pili, hii chupa. Kisha akanigeukia mimi.

"Hii chupa isikauke. Ikikauka, jaza. Mtu akikuuliza, mwambie."

Matroni alijua. Mwalimu wa darasa alijua. Fomu ya hospitali ilijazwa ikawekwa katika faili. Lakini wasichana wa bweni langu sikumwambia hata mmoja. Chupa niliifunga kwa taulo nikaitia chini ya sanduku, na maji nikawa nakunywa kwa siri nyuma ya tangi, kama mtu anayevuta sigara.

Nina ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu huuita sikoseli. Waliosoma Biolojia watanisahihisha nikikosea. Chembe nyekundu za damu huwa za mviringo na laini, hivyo hupenya hata katika mishipa myembamba kabisa. Zangu hupinda zikawa kama mundu wa kukatia nyasi, tena zikawa ngumu, zikakwama. Zikikwama, damu haipiti, na mahali damu isipopita huuma. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yangu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu yangu ni haba na macho yangu huwa na umanjano. Baridi, kiu, uchovu na malaria ndivyo vinavyoyaamsha maumivu hayo. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kula sahani moja. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe hawaugui, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Kwetu Magharibi, Nyanza na Pwani uko kwa wingi, maana ndiko kwenye malaria, na aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kaka zangu wawili hawana ugonjwa huu. Kura ilinianguki mimi.

Utauliza, basi kwa nini nilificha? Katika shule ya msingi nilikuwa na jina, lakini hakuna aliyelitumia. Niliitwa "yule mgonjwa". Yule mgonjwa asikimbie. Yule mgonjwa apewe kiti. Nilipopanda gari kuja huku nilijiambia kwamba hilo jina nimeliacha stendi ya Busia.

Sasa tuje kwenye Chama cha Wakristo. Nilijiunga nacho wiki ya pili. Nampenda Mungu, na hilo silisemi kwa maringo. Nililelewa katika nyumba ambayo mtu akiamka usiku na maumivu, wengine huamka kuomba na mmoja huwasha jiko kuchemsha maji. Nilitaka nami nitumike. Kila Jumamosi ya pili tulikuwa tukienda kijijini kumsaidia bibi mmoja mzee anayeishi peke yake. Sote tulimwita Shosho. Kazi ilikuwa kuchota maji mtoni, kupasua kuni, kufagia ua na kupaka udongo nyumba. Tulifanya mbio mbio, tukaimba wimbo mmoja, tukaomba, tukaondoka kabla ya kengele ya saa kumi.

Mimi nilichukua mtungi wa lita 20 kama wenzangu. Nilipanda nao kile kilima huku miguu inalia ndani kwa ndani, na nilipofika juu nilicheka kwa sauti kuliko wote. Jioni nililala kifudifudi nikiuma mto. Rafiki yangu wa kitanda cha juu akiuliza, "We, uko sawa?" nilimjibu, "Ni tumbo tu." Nadhani Kidato cha Kwanza chote nilikuwa na tumbo tu.

Ikafika Julai 2023. Wanaojua Julai ya huku hawahitaji kuelezwa. Chama kilitangaza mfungo wa siku moja na kesha la Ijumaa usiku. Mwenyekiti wetu, dada wa Kidato cha Nne, alisimama akasema wazi kabisa, "Mwenye ugonjwa wowote asifunge. Ale, anywe, aje tuombe naye." Lo! Mnajua nilifanya nini? Niligeuka nikatazama nyuma pamoja na wengine, kuona huyo mgonjwa ni nani.

Hakuna aliyenilazimisha, wala sitaki mtu amlaumu yeyote. Nilikuwa nimefanya biashara yangu na Mungu kisirisiri. Nilimwambia: nitafunga kavu, bila tone la maji, nitakesha hadi asubuhi bila blanketi, nawe kutakapokucha utakuwa umeniponya, na nitatoa ushuhuda. Niliacha chupa ndani ya taulo. Tembe niliziacha pia. Niliona kwamba kuzimeza ni kumwonyesha Mungu kuwa simwamini.

Saa nane usiku, wenzangu wakiwa katika kuimba, maumivu yalinishika mgongoni na katika mapaja yote mawili. Nilijikaza. Nilijikaza tena. Kisha nikasikia sauti ya mtu akipiga mayowe, nikashangaa ni nani anayeharibu maombi, kumbe ni mimi. Nakumbuka kidogo tu yaliyofuata. Wasichana wanne walinilaza katika blanketi wakashika pembe nne, wakakimbia nami gizani hadi zahanati ya shule. Mmoja alikuwa amepoteza kiatu. Niliwekwa kwenye gari la shule, nikafikishwa hospitalini, nikatundikiwa maji ya mshipa. Nililazwa siku sita.

Mama alifika siku ya pili, amesafiri usiku kucha. Tangu Aprili mwaka huo redio zote zilikuwa na habari za msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako watu walifundishwa kufunga hadi wakafa, na miili iliyofukuliwa huko ikapita 400. Chama chetu hakikuwa na mafundisho ya namna ile hata kidogo. Lakini hebu jiweke mahali pa mzazi anayepigiwa simu kuambiwa kwamba bintiye yu hoi kwa sababu ya kufunga. Alipoingia wodini hakulia. Alishika mguu wangu juu ya shuka akauliza polepole:

"Mwanangu, nani alikwambia Mungu anataka ukauke ndiyo ajue unampenda?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Niliporudi shuleni kila mtu alijua. Nilitarajia kuchekwa, lakini hakuna aliyenicheka. Nililopata lilikuwa zito zaidi ya kicheko: huruma. "Wewe pumzika tu." "Wewe usishike hicho." "Wewe tutakuombea." Chamani nilitolewa katika zamu ya kufagia, zamu ya kupanga viti, hata zamu ya kusoma somo, kana kwamba Biblia nayo ina kilo 20. Niliwekewa kiti cha mbele, nikawa yule mgonjwa tena. Safari hii nilikuwa naombewa kwa jina kila Jumapili, nami nikiinamisha kichwa kwa hasira. Kusema kweli, nilikaribia kuacha Chama.

Mwalimu mlezi ndiye aliyenizuia. Aliniita chini ya mti nje ya bwalo akaniuliza kama ninamjua Epafrodito. Nikasema simjui. Akasema, "Basi nenda ukasome Wafilipi sura ya pili." Nikasoma. Kumbe kanisa la Filipi lilimtuma mtu huyu amhudumie Paulo kifungoni, naye akiwa katika utumishi huo huo akaugua karibu kufa. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa kwamba watu wa kwao wamesikia kuwa ni mgonjwa. Hapo nilicheka peke yangu. Nilimjua yule mtu! Paulo alimrudisha kwao, na hakuandika kwamba ameshindwa kazi wala kwamba imani yake ni ndogo. Aliwaagiza wampokee kwa furaha na kumpa heshima. Na Paulo mwenyewe alikuwa na mwiba wake mwilini, aliouombea mara tatu uondolewe, nao haukuondolewa. Aliendelea na kazi akiwa nao.

Mwalimu wetu wa Biolojia naye aliponiona nimenyong'onyea alinisimulia habari ya mtu mwingine. Selimundu iliandikwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya madaktari mwaka wa 1910, na Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani. Mgonjwa aliyeandikwa humo alikuwa mwanafunzi, Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Alilazwa mara kwa mara, akarudi darasani, akamaliza masomo mwaka wa 1907. Kisha alirudi kwao Grenada akawatibu watu meno hadi alipofariki mwaka wa 1916, akiwa na umri wa miaka 32 tu. Vitabuni ameandikwa mgonjwa. Kwao alikuwa daktari. Niliyatia hayo moyoni.

Jumamosi iliyofuata nilimwendea mwenyekiti nikamwambia, "Nakuja kwa Shosho." Akasema, "Kilima je?" Nikasema, "Nitatembea pole pole, na chupa yangu nitabeba mkononi." Akakubali. Nilifika nyuma ya wote, nikapewa kigoda nikae. Wenzangu walikwenda mtoni na wengine kuni, nami nikabaki na Shosho, sijui la kufanya na mikono yangu.

Shosho alinitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha mlimani, "Leo kuna mmoja amekaa. Hawa wengine wako na mbio kama wanakimbizwa na mvua."

Kisha aliingiza mkono ndani ya kifuko akatoa simu ndogo. Aliomba nimtazamie ndani kuna nini, maana hajui kusoma na hapendi kumsumbua jirani. Msomaji, kulikuwa na jumbe nane kutoka kwa mwanawe aliye Mombasa, nyingine za zaidi ya mwezi mmoja. Nilimsomea moja baada ya nyingine. Katika wa tano mwana alikuwa amempata mtoto wa kike, naye amempa jina la Shosho. Mama wa watu alinyamaza. Akaniambia, "Soma hiyo tena." Nilisoma mara nne. Halafu aliniomba nimkate kucha, kwa sababu haoni vizuri na mikono inatetemeka.

Chama chetu kilikuwa kimekwenda nyumba ile mwaka mzima. Maji tulichota, kuni tulipasua, ua uling'aa. Kazi hizo zilihitajika na wala sizidharau, maana bila maji Shosho angekunywa nini? Lakini hakuna aliyekuwa amekaa. Mimi nilikaa kwa sababu sikuweza kufanya jingine. Hospitalini siku sita nilikuwa nimejifunza mlalo wa mtu anayengoja mlango ufunguliwe, na nikajua kwamba mgeni anayeketi ni tofauti na mgeni anayesimama. Tangu siku ile kukawa na zamu mpya: wawili wakae na Shosho. Wenye nguvu nao walianza kuigombania.

Januari 2024 wakaja Kidato cha Kwanza wapya. Wiki ya tatu nilikwenda nyuma ya tangi kumwaga maji machafu, nikamkuta mtoto mmoja amechuchumaa, ananywa maji chupani haraka haraka. Aliponiona aliificha chini ya sweta. Nilitazama macho yake. Yalikuwa na umanjano.

Nilimwambia, "Usikimbie. Yangu ni ya lita mbili, yako ya ngapi?"

Akatazama chini. "Moja na nusu."

Tulikaa pale hadi kengele ya prepu ikalia. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mwingine wa kumuuliza: kama nililowesha kitanda kwa sababu ya maji mengi, kama wasichana walikataa kulala nami, kama matroni hufoka. Mwisho akauliza, "Na uliombewa?" Nikasema ndiyo, sana. "Ukapona?"

Ndugu msomaji, swali hili lilinikata. Nilijua jibu alilolitaka. Nilijua pia kwamba nikimdanganya, ataacha chupa siku moja kama nilivyoacha yangu. Nikamwambia, "La, sijapona. Bado naomba, na bado nakunywa maji na kumeza tembe zangu. Niko hapa."

Mwezi wa Juni mwaka huo alipatwa na maumivu makali. Nilikaa naye zahanati jioni mbili kwa ruhusa ya matroni. Sikuhubiri. Nilimkanda miguu kwa kitambaa cha maji moto, nikamhesabia vikombe vya maji, na alipotaka kulia nilimwambia alie tu. Mtu asiyewahi kuumwa hivi angeweza kumpenda kuliko mimi, lakini asingejua kwamba shuka zito juu ya goti linaumiza. Mimi nilijua, nikaliinua.

Tarehe 19 Juni ni siku ya selimundu ulimwenguni, iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2008. Jumapili iliyotangulia siku hiyo niliomba nafasi ya kutoa ushuhuda chamani. Mnajua ushuhuda unaopigiwa makofi ni ule wa "nilikuwa mgonjwa, sasa ni mzima". Nilisimama magoti yakigonganagongana, nikaweka chupa yangu juu ya meza ya mhubiri, nikasema, "Mimi sijapona, na nataka kazi." Ukumbi ukanyamaza kimya. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha kule nyuma mmoja akasimama akasema kwamba yeye ana kifafa. Mwingine akasema ana pumu, na huficha dawa yake ndani ya soksi. Siku ile tulikuwa watano. Mwenyekiti mpya alichukua daftari akatuandika, si katika orodha ya kuombewa, bali katika orodha ya zamu. Alituuliza mmoja mmoja, "Wewe unaweza nini?"

Yule mdogo wangu hayupo nasi tena hapa. Muhula huo ulipokwisha wazazi wake walimhamishia shule ya kutwa karibu na kwao, penye joto, na nadhani walifanya vyema. Niliumia, sitaficha. Kabla ya kuondoka tulibadilishana chupa. Yake ya lita moja na nusu ndiyo ninayotembea nayo sasa, na sharti niijaze mara nyingi zaidi.

Nimalizie kwa kuwaomba mambo machache. Mkimwombea mgonjwa, ombeni, kisha mletee maji. Msimwambie aache dawa, kwani daktari naye ni mtumishi. Mkipanga kesha, wekeni jagi na vikombe mezani, kila mtu anywe anapotaka, ili asiwepo wa kunyoshewa kidole. Na msitugawie viti vya mbele tu, tugawieni na kazi. Kama hamjui tunaweza nini, tuulizeni. Nanyi mnaojificha nyuma ya tangi, tokeni. Nilikaa huko miezi mitano na sikumwona Mungu akinipenda zaidi kwa sababu ya kujificha.

Sasa niwieni radhi, kengele imelia na leo ni zamu yangu ya kukaa na Shosho. Mjukuu wa Mombasa ameanza kusema maneno, na kuna ujumbe mpya unaongoja msomaji.